Udugu na Ujira

Watu wengi husadiki kwamba kazi ifanywayo na ndugu haina haja ya mapatano. Husema, "Sisi baba mmoja, mama mmoja, hesabu ya nini?" Neno hili ni tamu masikioni, na mtu alisemaye huonekana mwema kuliko yule aulizaye fungu lake. Lakini utamu wa neno si ushahidi wa haki yake. Katika insha hii nataka tulipime neno hilo kwa jambo ambalo vijana wengi wa Makindu, na wa Ukambani kwa jumla, hulipenda sana, nalo ni bendi ya muziki iliyoundwa na ndugu.

Nimechagua bendi kwa makusudi. Ugomvi wa shamba huenda polepole. Mpaka husogezwa hatua moja kwa mwaka, na jirani huchelewa kutambua. Ugomvi wa duka hujificha nyuma ya meza ya kuuzia. Bendi haina maficho ya namna hiyo. Ndugu wawili wakikosana mchana, usiku gitaa la mmoja huanza kumkimbia mwenzake, na mtu aliyelipa kiingilio husikia kwamba nyumba ile ina ufa. Tena mali ya bendi ni mali ya ajabu. Haipimwi kwa kamba kama shamba, wala haihesabiwi kwa magunia kama mahindi. Ni sauti, ni sifa, ni jina. Na mali isiyoshikika ndiyo ngumu kuliko zote kugawanywa kwa haki.

Makindu ni mji wa njia. Uko katika Kaunti ya Makueni, zaidi ya kilomita 150 kutoka Nairobi, katika ile nyika kavu ambayo wajenzi wa reli waliivuka walipotandaza njia ya chuma kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1896 na 1901. Mji wa njia husikia muziki mwingi, maana kila basi na kila lori huja na nyimbo zake na kuondoka nazo. Lakini Makindu pana jambo jingine lifaalo zaidi kwa swali letu. Pana udugu wa namna mbili, na kila namna ina sheria yake, ijapokuwa haikuandikwa ukutani.

Namna ya kwanza huonekana katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 kando ya barabara kuu. Msafiri yeyote, awe Mkamba, Mhindi, Msomali au Mzungu, huvua viatu, hufunika kichwa, akaingia, akala na kushiba bila kudaiwa hata senti. Hapana amwulizaye ukoo wake wala dini yake. Chakula hicho, ambacho wenyewe hukiita langar, ni kipawa. Anayekula hakulima wala hakupika, naye hadai kwamba alistahili. Anayempa naye hasemi kwamba amemkopesha. Mahali kama hapo kumhesabia mgeni matonge kungekuwa ni kumtukana.

Namna ya pili ni mwethya, ule ushirika wa kazi ambao Wakamba wameujua tangu zamani. Leo watu hukusanyika katika shamba la mmoja, wakalima au wakachimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kesho huenda kwa mwingine. Hawa pia huitana ndugu, hata wasiotoka ukoo mmoja. Lakini mwethya una kumbukumbu kali. Mtu aliyelimiwa mara tatu, naye hakuonekana hata mara moja katika mashamba ya wenzake, hujulikana mtaa mzima hata kama hakuna aliyeandika jina lake. Hapa kukosa hesabu ndiko kungekuwa matusi, kwa sababu jasho la mtu lingefanywa kuwa si kitu.

Basi swali ni hili: bendi ya ndugu ni meza ya langar, au ni shamba la mwethya? Naamini kwamba ni shamba la mwethya, na kwamba taabu nyingi za bendi hizi hutokana na watu kuidhania kuwa meza ya hekalu. Kipawa hutolewa na mwenye kupenda kutoa. Ukiichukua kazi ya ndugu yako ukaiita kipawa, ilhali yeye hakutamka kwamba ametoa, hukupewa, umechukua.

Tutazame mfano wa kubuni. Wako ndugu watatu Makindu. Mkubwa wao ameuza mbuzi wake wanne, akaongeza akiba yake, akanunua magitaa mawili na kipaza sauti. Wa pili ana kipaji: yeye ndiye atungaye nyimbo na kuziimba. Wa tatu, mdogo wao, hapigi vizuri wala haimbi vizuri, lakini ndiye abebaye vyombo, asimamaye mlangoni, azungumzaye na mwenye ukumbi, na ahakikishaye kwamba wenzake wamekula kabla ya kupanda jukwaani. Siku ya sikukuu wamepiga muziki Kibwezi, na baada ya gharama zote zimebaki shilingi 9,000. Zigawanywe vipi?

Mkubwa atasema, "Bila mbuzi wangu mngepiga nini?" Neno lake ni kweli. Wa pili atasema, "Watu hawakulipa kiingilio ili waje kutazama magitaa, walikuja kusikia nyimbo zangu." Neno lake pia ni kweli. Mdogo pengine hatasema kitu, kwa kuwa amefundishwa kunyamaza penye wakubwa. Lakini kama angesema, angewauliza ni nani aliyezuia vijana walevi wasiruke ukuta na kuingia bure. Kati ya hawa watatu hakuna mwovu. Huo ndio ugumu wa jambo lenyewe: haki tatu zinagombea fungu moja la fedha, na hakuna hata moja iliyo batili. Tungekuwa na mwizi mmoja kati yao, kazi yetu ingekuwa nyepesi.

Katika nyumba nyingi jawabu hutolewa upesi mno. Mkubwa huzishika fedha zote kwa sababu ni mkubwa, akawagawia wenzake kwa kadiri aonavyo. Siwalaumu wazee waliotuachia desturi hii. Katika boma ambalo mali yake ilikuwa ng'ombe na ardhi ya ukoo, mkubwa alipewa mamlaka pamoja na mzigo wake: alipaswa kuwaoza wadogo zake, kulipa madeni yao, na kuwalea watoto wao kama baba zao wakifa. Aliyeshika mali alishikwa na mali. Kasoro ya siku hizi ni kwamba wakubwa wengi wamepokea nusu ya kwanza ya desturi na kuiacha ya pili njiani.

Kama ningeulizwa, ningewashauri hivi. Mbuzi wanne wahesabiwe kuwa mkopo, na kila onyesho litoe kidogo cha kuulipa, tuseme shilingi 1,500, mpaka deni liishe. Siku litakapokwisha, magitaa yawe ya bendi wala si ya mkubwa. Shilingi 7,500 zilizobaki zigawanywe sawasawa, 2,500 kwa kila mmoja, kwa kuwa usiku ule wote watatu walikesha, na usingizi wa mdogo si rahisi kuliko wa mwimbaji. Ama nyimbo, hizo ni za mtunzi. Zikirekodiwa na kuleta faida, yeye apate fungu lake la utunzi kwanza, ndipo wagawane kinachosalia. Mwingine aweza kuona njia nyingine, na pengine iliyo bora. Lisiloepukika ni kwamba jambo hilo lisemwe kabla ya wimbo wa kwanza kupigwa, si baada ya wimbo kupendwa. Fedha kidogo huwafanya watu kuwa wakarimu. Fedha nyingi huwapa kumbukumbu mpya. Waswahili walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuongeza kwamba mali ya ndugu haimo.

Yupo atakayenipinga, akasema kwamba hesabu huua mapenzi. Kwamba ndugu wakianza kuandikiana wamekwisha kuwa wageni. Pingamizi hili lina uzito, na sipendi kulipita kwa dharau. Ni kweli wapo watu ambao daftari kwao ni fimbo. Lakini tumtazame mama anayepakua chakula katika mwaka wa uhaba. Mama awapendaye watoto wake wote ndiye ahesabuye vipande vya nyama kabla ya kupakua. Asiyejali humwaga tu katika sinia, akaita watoto, na mwenye mkono mrefu akashiba. Je, ni yupi kati ya hawa wawili aliye na mapenzi haba?

Sasa tuache ndugu wa kubuni tuwaendee ndugu walioishi. Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga walikuwa wenyeji wa Tanga. Mwaka 1966 walijiunga na Jamhuri Jazz Band ya mji huo. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na huko, pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka wakaingia Kenya, wakaanzisha Simba Wanyika. Gitaa lao lilijifunza mengi kutoka Kongo, hasa kwa yule fundi aliyejulikana kwa jina la Dr. Nico, lakini maneno yao yalikuwa Kiswahili kilichoeleweka kutoka pwani hadi ziwani. Kijana wa Makindu asiyejua hata neno moja la Kilingala aliweza kufuata kisa cha wimbo wao tangu mwanzo hadi mwisho. Na jina lenyewe, simba wa nyika, halikumhitaji mkalimani mtu aliyezaliwa katika nyika hiyo, si mbali na simba wa Tsavo.

Mwaka 1978 bendi ilipata mpasuko wa kwanza. Omar Shabani, Tom Malanga, Rashid Juma na Phoney Mkwanyule walitoka, wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akawa pamoja nao. Wimbo wao uitwao "Sina Makosa" ukawa miongoni mwa nyimbo zijulikanazo zaidi katika Afrika Mashariki. Ni wimbo wa mapenzi, lakini nani asiyetabasamu akikumbuka kwamba watu waliohama nyumba ya wenzao walipata sifa kwa wimbo wenye jina hilo?

Tazama majina ya waliotoka. Hakuna Kinyonga hata mmoja. Hapa pana jambo ambalo waimbaji wa sifa za udugu hulisahau. Tunapozungumza juu ya bendi ya ndugu, tunawafikiria ndugu. Hatumfikirii mpiga besi ambaye si ndugu. Naye yumo. Hufanya kazi usiku uleule, katika joto lilelile, na vidole vyake huota sugu zilezile. Lakini ndugu wakikaa faraghani, yeye hubaki nje ya mlango. Na bendi ikisifiwa, ukoo utajwao si wake. Si lazima aonewe katika fedha. Yatosha kwamba hayumo ndani ya lile neno "sisi". Udugu ni kama ukuta wa nyumba: upande wa ndani humkinga mtu na baridi, na upande wa nje humwonyesha mwingine kwamba baridi ni yake. Ndugu waajirio wenzao katika kazi wana wajibu mkubwa kuliko mabwana wa kawaida, kwa sababu bwana wa kawaida hana wa kumpendelea mezani.

Waliotoka hawakuliacha jina lote. Walichukua "Wanyika" wakaenda nalo, na baadaye Issa Juma naye alikuwa na Super Wanyika. Wengine huona jambo hili kuwa aina ya wizi. Mimi sioni hivyo, au sioni hivyo kabisa. Nyika haikuwa ya ukoo wa mtu. Jina la bendi hutungwa na mmoja, lakini hutiwa thamani na wote waliolipigia, na mtu aliyesaidia kulifanya jina kuwa kubwa hawezi kuondoka kana kwamba hakuwahi kulivaa. Lililo la haramu ni kumdanganya msikilizaji, kumfanya alipe akidhani anakuja kuwasikiza hawa kumbe ni wale. Ukiongeza neno moja la kutofautisha, kama walivyofanya wao, umemwachia msikilizaji macho yake.

Mpasuko wa pili ulikuwa mchungu zaidi, maana ulipita katikati ya damu. Mwaka 1980 George mwenyewe alimwacha Wilson, akaanzisha Orchestra Jobiso. Je, George alivunja udugu?

Nasema la. Kuacha kazi ya ndugu si kumwacha ndugu. Mtu asiyeweza kuondoka katika ushirika si mshirika. Ni mtumwa aliyepewa jina zuri. Tena kipaji kina haki yake, nacho hakikui daima kivulini mwa kaka. Wapo ndugu ambao, kwa hofu ya kuitwa wasaliti, hukaa miaka mingi katika kazi moja, wakipiga nyimbo wasizozipenda, na chuki hujazana ndani yao kama maji nyuma ya boma la udongo. Siku boma linapopasuka huchukua na nyumba ya mama yao. Afadhali mlango ufunguliwe mapema. Ubaya wa kuondoka hauko katika kuondoka. Uko katika namna yake. Aondokaye usiku wa kuamkia harusi iliyokwisha kulipiwa amekosa. Achukuaye vyombo visivyo vyake amekosa. Aachaye madeni kwa jina la wote amekosa. Na yule abakiye, akikataza mama asimpikie aliyeondoka, naye amekosa, tena kosa lake ni baya zaidi, kwa kuwa amechukua ugomvi wa kazi akaupeleka mahali ambapo kazi haikuwahi kufika.

Iko mithali isemayo kwamba undugu wa nazi hukutania chunguni. Husemwa kwa kuwabeza watu ambao hawajuani mpaka shida iwakusanye. Lakini nazi huning'inia katika mnazi mmoja muda mrefu bila kuchanganya chochote. Kila moja ina kifuu chake. Huchanganya tui baada ya kuvunjwa na kukunwa. Ndugu wengi waishio pamoja kwa amani kamili huenda bado wanatenganishwa na vifuu vyao.

Ukambani pana fundisho jingine, nalo limo katika majina ya bendi. Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka 1954, aliongoza bendi iliyoitwa Les Kilimambogo Brothers, ikaimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, hivyo ikapata wapenzi mbali na kwao. Hao walijiita ndugu, lakini jina lao halikumtaja baba. Lilitaja mlima, ule mlima wa mbogo ulioko upande wa Machakos. Hawakuwa peke yao katika mtindo huo. Walikuwapo Ngoleni Brothers, walikuwapo Kalambya Boys na Kalambya Sisters, walikuwapo Lower Mbooni Boys. Mtu akiyasoma majina hayo kwenye sahani za santuri angedhani anasoma ramani. Kila kundi lilijivika jina la mahali, kisha likajiita ndugu, au vijana, au dada.

Ni udugu gani huo wa mlima? Mimi huuona kuwa mzito kuliko unavyodhaniwa. Mtu aliyezaliwa ndugu hakuulizwa. Alijikuta ndugu kabla ya kujua kusema. Lakini aliyejiita ndugu mbele za watu ametoa ahadi, hata kama hakuinua mkono kuapa. Amemwambia mwenzake, "Nitakutendea kama tuliyezaliwa pamoja." Ahadi hiyo hudaiwa. Ndiyo maana naona ni aibu maradufu bendi inapojipa jina la udugu, kisha mpiga ngoma akaugua na wenzake wasimchangie hata nauli ya kwenda hospitali. Ndugu wa damu aliyekosa wema ameshindwa na tabia yake. Ndugu wa jina aliyekosa wema amesema uongo.

Na kwa kuwa tumefika katika majina, yafaa tuwakumbuke ndugu wa Marekani walioumizwa na jina lao wenyewe. Watoto wa nyumba ya Jackson, kutoka mji wa Gary, walijulikana duniani kote kama Jackson 5. Mwaka 1975 waliamua kuihama kampuni ya Motown, iliyokuwa ikitoa santuri zao, wakaambiwa kwamba jina si lao. Ukoo ulikuwa wao, sura zilikuwa zao, sauti zilikuwa zao, lakini jina lile lilikuwa mali ya kampuni. Iliwabidi kujiita The Jacksons. Tena mmoja wao, Jermaine, hakwenda nao. Mwaka 1973 alikuwa amemwoa Hazel, binti wa Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni ile. Akabaki upande wa mkwewe. Msomaji wa Ukambani ajuaye heshima ya ukwe hatamhukumu kijana huyo kwa pupa. Kumwacha ndugu ni kugumu, na kumgeuzia kisogo baba wa mkeo ni kugumu pia, na hakuna mizani ambayo ingemwambia kwa hakika ni mkono upi umelemewa. Lililo la kupendeza ni kwamba nduguze hawakufunga mlango: mwaka 1984 alikuwa pamoja nao tena katika albamu ya Victory.

Siku hizi limeingia jambo ambalo ndugu wa zamani hawakulijua. Kinanda cha umeme, na sasa kompyuta, chaweza kutoa ngoma, besi na zumari pamoja, na mtu mmoja chumbani mwake akawa bendi nzima. Huko California ndugu wawili, Ron na Russell Mael, wajulikanao kwa jina la Sparks, walifanya hivyo mapema: mwaka 1979, wakisaidiwa na fundi Giorgio Moroder, walitoa albamu iliyojengwa juu ya vinanda vya namna hiyo. Mmoja hukaa kwenye kinanda, mwingine huimba, nao wamedumu pamoja zaidi ya miaka 50. Mashine ilichukua nafasi ya wapigaji wengi. Haikuchukua nafasi ya ndugu. Lakini si kila nyumba itakuwa hivyo. Katika nyumba nyingine mwimbaji atamtazama ndugu yake mpiga besi, atakitazama kinanda, atafikiri juu ya mafungu, kisha atasema kwa upole kwamba mambo yamebadilika. Hapo ndipo itajulikana kama alimhitaji ndugu yake au alihitaji besi. Nami naona kwamba hata akiwa na haki ya kumwachisha kazi ya kesho, hana haki ya kumfutia kazi ya jana. Jina lililomletea mashabiki wa leo lilibebwa mabegani na yule anayeambiwa kwamba hahitajiki.

Tumalize habari za ndugu wa Tanga. Wilson na George walirudiana. Walisafiri mpaka Ulaya, na huko Uholanzi wakarekodi albamu ya Pepea, iliyotolewa mwaka 1992. Mwaka huohuo George akafariki. Wilson alifariki mwaka 1995, na Simba Wanyika ikawa imefika mwisho wake. Kama patano lao lingecheleweshwa kidogo tu, na kila mmoja akamngoja mwenzake aanze kusalimu, albamu ile isingekuwapo.

Kakai Kilonzo alikuwa amefariki mwaka 1987. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 tena baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa kipimo hicho utunzi wa Kakai una ulinzi mpaka mwisho wa mwaka 2037, wa George mpaka 2042, na wa Wilson mpaka 2045. Maana yake ni kwamba basi likipita Makindu usiku wa manane, na dereva akafungulia wimbo wa miaka ile ili usingizi usimchukue, wimbo huo bado una mwenyewe. Katika ukoo wowote wenye ndugu watunzi, mwenyewe huyo hatakuwa tena ndugu na ndugu yake. Watakuwa watoto wa ndugu, kisha wajukuu, watu ambao pengine hawakulala hata usiku mmoja katika nyumba moja, nao watataka kujua ni nani aliyetunga, ni nani aliyepiga tu, na ni nani aliyeahidiwa nini.

Wale watatu wa Makindu hawajafika huko. Wana magitaa mawili, deni la mbuzi wanne na onyesho la Jumamosi mjini Emali. Wamekubaliana kununua daftari, na kalamu amepewa mdogo wao, yule asiyesema penye wakubwa.